Evarista wa Bani la Pili

Mama yangu mkubwa Evarista hakuwahi kufungwa jela, lakini mwaka 1955 alikaa wiki tatu na siku mbili ndani ya uzio pamoja na kuku mia tatu, na mama yangu Matilda, ambaye ni mdogo wake, alichukua miaka mitatu kumsamehe. Habari hii nimeisikia kwa wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake. Hawapishani sana, isipokuwa juu ya kilichotokea langoni siku mama yangu alipokwenda na kuku mkononi. Nikifika hapo nitasema maneno ya kila mmoja.

Evarista alizaliwa Kalenga. Aliolewa na Edmund Kalinga, mtu mpole, mrefu, mwenye tabia ya kuvua kofia hata akiongea na watoto. Edmund alikuwa kibarua katika shamba la tumbaku la Mgiriki mmoja aliyeitwa Bwana Stavro, ng'ambo ya Mto Ruaha Mdogo, mwendo wa saa mbili na nusu kwa miguu kutoka kwetu. Walipewa nyumba ya shamba, vyumba viwili vya matofali, na kipande cha ardhi nyuma yake cha kulima mahindi. Mtoto wao Didas alikuwa anasoma Tosamaganga, na barua ya kumwombea nafasi hiyo iliandikwa na Bwana Stavro mwenyewe. Kwa hiyo nyumba, mahindi na shule, vyote vilitoka kwa mtu mmoja, na wao walilijua hilo bila kukumbushwa.

Shamba lilikuwa na mabani manne. Bani ni jengo refu la matofali la kukaushia tumbaku. Halina madirisha. Majani hutundikwa juu ya fito, safu juu ya safu mpaka karibu na bati, kisha moto huwashwa nje na joto lake hupita ndani kwa mabomba yaliyolazwa sakafuni. Bani la pili lilikuwa limepasuka tanuri na halikushika joto tena. Mwaka 1953 Bwana Stavro alisikia kwamba hoteli za Iringa mjini zinatafuta mayai. Akang'oa mabomba, akamwaga maranda sakafuni, akaleta kuku matembe weupe mia mbili kwa lori. Kazi ya kuwalisha na kuokota mayai akampa Evarista, kwa sababu siku hiyo alikuwa amesimama karibu. Ndivyo alivyokuwa akisema yeye.

Mwezi wa sita baridi ilianza. Anayeijua Iringa anajua upepo wa mwezi wa sita. Bwana Stavro aliona kuku wa kizungu hawataustahimili, akaamuru kila tundu lizibwe kwa matope na magunia. Bani likafungwa kabisa. Baada ya wiki moja Evarista alipofungua mlango asubuhi, harufu ilimpiga usoni ikamtoa machozi kama aliyekata vitunguu. Maranda yalikuwa yamelowa ingawa mvua haikunyesha tangu Mei, na maji yalidondoka kutoka kwenye bati. Kuku walikoroma. Wengine walivimba macho, wakakaa juu ya fito bila kutaka kushuka kula. Kila asubuhi alitoa mizoga minne au mitano.

"Bwana anasema ni baridi," alimwambia mumewe. "Si baridi. Wanavuta pumzi zao wenyewe zilizokwisha tumika, pamoja na mvuke wa mavi yao. Ungefungiwa wewe humo ungekufa siku ya pili."

"Mwambie Bwana."

"Nimemwambia nyapara Jailos amwambie. Jailos alicheka. Amesema kuku hawajawahi kuomba dirisha."

Evarista aliwaza nyumba ya mama yake kule Kalenga. Kuku walilala jikoni, na kati ya ukuta na paa kulikuwa na nafasi ya kiganja kuzunguka nyumba nzima, ya kutokea moshi. Usiku wa baridi upepo ulipita pale juu, kuku wakiwa chini hawaguswi. Mama yake hakuwahi kuzika kuku kwa sababu ya baridi.

Jumapili moja, Bwana Stavro alipokwenda mjini kusali, Evarista na Edmund walipanda ngazi wakabomoa safu mbili za matofali chini ya bati, pande zote mbili ndefu za bani. Walifunika nafasi hiyo kwa waya wa kuku ili mwewe na kicheche wasiingie. Walishusha fito za kulalia ziwe chini zaidi, upepo upite juu ya vichwa vya kuku na usiwapige kifuani. Magunia yale yale ya kuzibia waliyashona yakawa mapazia, wakayafunga kamba ya kupandisha na kushusha. Halafu walizoa maranda yote yaliyolowa, wakamwaga makavu. Walimaliza jioni, wamejaa vumbi la matofali mpaka kwenye nyusi.

Bwana Stavro alirudi, akaona matofali yake chini. Alimwita Edmund kwa sauti iliyosikika mpaka kwenye nyumba za vibarua. Edmund akaja kofia mkononi. Lakini kabla ya kusema zaidi, Bwana aliingia ndani ya bani mwenyewe. Alisimama katikati ya kuku, akavuta pumzi, akavuta tena, akatoka akaenda zake. Wiki hiyo walikufa kuku wawili tu, na iliyofuata hakufa hata mmoja.

Evarista aniambia kwamba siku ile, kwa kubomoa matofali, alijifungia mlango yeye mwenyewe. Tangu wakati huo hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kushika kazi ya bani la pili. Kuku waliongezwa wakafika mia tatu. Kila upepo ulipogeuka ilibidi awepo, ashushe mapazia upande unakotoka, aache wazi upande wa pili, kamwe asifunge pande zote. Mchana wa jua kali ilibidi ayapandishe yote. Alipoomba siku moja kwenda harusini, Bwana Stavro alimwuliza, "Nani atajua kushusha magunia?" Alipoomba kwenda Kalenga Pasaka, aliulizwa vile vile. Akaacha kuomba. Mama yake akawa anamwona mara mbili kwa mwaka, na mara hizo Evarista alikuwa akitazama mawingu muda wote, anataka kujua upepo unatoka wapi.

Mwezi wa tisa mwaka 1955 ukaingia mdondo, ugonjwa wa kuku. Ulianzia vijiji vya bondeni. Kuku alikuwa anapinda shingo kama anayetafuta kitu mgongoni, anaharisha kijani, na kesho yake amekufa. Nyumba iliyokuwa na kuku kumi na tano ilibaki na manyoya. Bwana Mifugo, afisa wa serikali, alipita na gari akatangaza karantini: kuku wasihamishwe, wasiuzwe, wasipelekwe kwa wageni wala kwa wakwe. Bwana Stavro aliongeza amri zake. Vibarua wote walitakiwa kuchinja kuku wao siku hiyo hiyo na kuwala. Kuzunguka bani la pili ukapigwa uzio wa seng'enge wenye lango moja. Ndani ya uzio kukawekwa kitanda, sufuria, pipa la maji na Evarista.

"Ugonjwa unatembea kwa miguu ya watu," Bwana alimweleza, akiwa upande wa nje. "Akiingia mtu na kutoka, kuku wangu wamekwisha. Wewe utakaa mpaka Bwana Mifugo aseme."

"Siku ngapi, Bwana?"

"Mpaka aseme."

Edmund alimletea unga na mboga kila jioni, akaviweka juu ya jiwe nje ya lango na kurudi nyuma hatua kumi, ndipo mkewe alipotoa mkono kuchukua. Walizungumza kwa umbali huo. Vibarua waliokuwa wakipita walianza kwa kumsalimia, baadaye wakawa wanapita tu. Evarista alilala katika kibanda cha kuwekea chakula cha kuku, ukuta wake ukiwa ni ule ule wa bani, akiwasikia wakihama kwenye fito. Siku ya tano alijikuta anaongea nao kwa Kihehe. Siku ya nane alinyamaza, kwa sababu aliona anaanza kungojea wamjibu.

Siku ya kumi na mbili alikuja mama yangu.

Alikuwa ametembea kutoka Kalenga tangu alfajiri, na kwapani alibeba kuku mwekundu amefungwa miguu kwa kamba ya mgomba. Bibi yetu alikuwa mgonjwa wa kifua, siku tatu hajanyanyuka. Kuku wake wote walikuwa wamekufa kwa mdondo isipokuwa huyu. Alimwambia mama yangu, mpeleke kwa dada yako. Yeye ana nyumba ya kuku isiyoingia ugonjwa. Mwambie anilelee mpaka nipone.

Mama yangu anasema hivi. Alipofika hatua ishirini kutoka langoni, dada yake alitoka mbio ndani ya bani, akainua mkono kama mtu anayefukuza mbwa, akasema, "Simama hapo. Usisogee." Hakusema kamwene, salamu yetu, wala hakuuliza habari za nyumbani. Alimtazama kuku, hakumtazama yeye.

Evarista anasema aliinua mkono kwa sababu alijijua. Kama Matilda angefika langoni angelifungua amkumbatie, na kama angemkumbatia yote yangeishia hapo, kuku, nyumba na shule ya Didas. Anasema alisema kamwene. Anasema huenda alisema kwa sauti ndogo.

Maneno yaliyofuata wote wanayakumbuka sawa.

"Mama anaumwa," mama yangu alisema. "Ametaka umtunzie huyu."

"Siwezi kumpokea, Matilda. Amekaa na waliokufa."

"Ndiye amebaki."

"Ndiyo maana siwezi. Nenda naye. Usipite karibu na nyumba za vibarua."

"Niende naye nikamwambie mama nini?"

Evarista akasema, "Mwambie nakuja."

"Lini?"

"Mwambie tu nakuja."

Mama yangu aligeuka na kuku wake. Hakupewa maji. Njiani, kabla ya kuvuka mto, kuku alianza kupinda shingo. Alimzika chini ya mti kwa kuchimba kwa kijiti, akarudi nyumbani akamdanganya bibi kwamba kuku amepokelewa. Bibi alifurahi sana.

Jioni hiyo Evarista alimwomba Edmund amwite Bwana. Bwana Stavro alikuja asubuhi, akasimama upande wa pili wa uzio na kusikiliza bila kumkatiza.

"Mama yako ana watoto wangapi?" aliuliza.

"Wawili, Bwana."

"Basi yuko mmoja pale. Hapa hakuna mwingine." Alivuta sigara yake kidogo. "Nikikuruhusu, nitaweka nani? Nitajie mtu anayejua bani hili kama wewe, nitafungua lango sasa hivi."

Hakuwa na wa kumtaja. Edmund alisubiri Bwana aondoke, akasema polepole, "Vumilia, mama Didas. Ukitoka kwa nguvu, kesho tunalala njiani."

"Najua."

"Na Didas..."

"Nimesema najua."

Siku ya kumi na tisa ilikuwa ya joto kali, joto lile la kungoja mvua za kwanza. Saa sita mchana Evarista alikuwa ameshika kamba za mapazia. Mawazo yaliyomjia hakuyaficha aliponisimulia, akiwa mzee. Aliona kwamba kitu kilichomfunga pale ni uhai wa kuku wale, basi. Wakifa, karantini imekwisha. Na hakuhitaji ugonjwa. Akishusha mapazia pande zote mbili na kufunga mlango, bati lile lingewamaliza kabla ya saa kumi. Angesema ni mdondo. Nani angejua? Jailos?

Alishusha upande wa mashariki. Akazunguka, akashusha wa magharibi. Akafunga mlango, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nje, kivulini.

Mwanzoni walinyamaza. Kisha akasikia mabawa. Kuku akizidiwa na joto hutanua mabawa na kuachama mdomo, koo linacheza haraka haraka, na kuku mia tatu wakifanya hivyo pamoja hutoa sauti kama mchanga unaopepetwa kwenye ungo. Alijiambia asinyanyuke. Alihesabu vibarua waliokuwa wakipita mbali kwenye tumbaku. Alimfikiria mama yake. Sauti ile ikazidi, halafu ikaanza kupungua, na kupungua kule ndiko kulikomwinua. Alivuta kamba zote mbili, akapiga mlango kwa teke, akaingia akimwaga maji sakafuni kwa ndoo, akiwainua walioanguka na kuwachovya midomo katika maji. Walikufa saba. Alikaa katikati yao mpaka jua lilipoinama.

"Niliona haya," aliniambia. "Si kwa Bwana. Bwana hakuwa kwenye mawazo yangu hata kidogo. Wao walikuwa wamefungiwa humo kabla yangu."

Siku ya ishirini na tatu Edmund hakuja jioni kama kawaida. Alikuja saa saba mchana, ameoga, amevaa shati la kanisani, kofia mkononi. Evarista akajua kabla hajasema.

"Jana," Edmund alisema. "Wanazika leo alasiri. Alitumwa kijana kutoka Kalenga."

Evarista alisimama ameshika waya. Hakulia. Aliuliza kama mama yake alipakwa mafuta matakatifu, akaambiwa padri alifika. Akauliza kama alimwulizia. Edmund akasema kijana hakueleza.

Kisha Edmund akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitegemea kwake, hata mkewe. Alitoa sabuni na chupa ya magadi mfukoni. Alivua viatu akaviacha kwenye jiwe, akavua shati la kanisani na suruali, akajisugua mikono, miguu na nywele kwa maji ya ndoo iliyokuwa hapo nje. Akafungua lango.

"Nipe nguo zako za kazi," alisema. "Kutoka si kosa. Kosa ni kuingia na uchafu. Mimi sina uchafu."

"Hujui magunia, baba Didas."

"Pepo zinatoka wapi leo?"

"Mashariki."

"Basi nishushe mashariki."

"Kukiwa na baridi. Sasa hivi kuna joto. Acha yote juu." Alimshika mkono, akamwonyesha kamba, ipi ya wapi. "Maji mara nne. Wakirundikana pembeni, watawanye kwa mkono, usitumie fimbo."

"Nenda. Utachelewa."

Alikwenda. Alivuka mto akiwa na nguo alizotupiwa na mke wa jirani, na alikuwa anakimbia sehemu za tambarare. Alifika Kalenga wakati wanaume wanatupia mchanga wa mwisho kaburini. Alipita kati ya watu akapiga magoti. Mama yangu alikuwa upande wa pili wa kaburi. Hakuzunguka kuja kwake. Wakati wa kula walikaa katika mkeka mmoja, na mama yangu alimsogezea bakuli la maji ya kunawa kama anavyosogezewa mgeni wa mbali.

Evarista alirudi shambani siku ya tatu, akijua kinachomngoja. Bwana Stavro alikuwa amemkuta Edmund ndani ya bani akiwa amevaa gauni la mkewe lililoungua chini, ameshika ndoo, na inasemekana alicheka kwanza ndipo akakasirika. Alitaka kuwafukuza wote wawili. Lakini akimtoa Edmund angeweka nani? Na Evarista, aliyetoka katika kijiji chenye mdondo, asingeweza kumrudisha ndani. Kwa hiyo akaamua Edmund abaki ndani na Evarista asimame nje ya uzio kumwelekeza.

Wiki nne nyingine zikapita hivyo. Kila asubuhi Evarista alikwenda kusimama hatua kumi kutoka langoni, penye jiwe, akitazama miti ili ajue upepo. "Shusha kidogo. Zaidi. Acha hapo." Jioni aliweka unga juu ya jiwe na kurudi nyuma. Alikuwa nje, na bado hakuwa na ruhusa ya kwenda mbali, sawasawa na alipokuwa ndani. Edmund alianza kukohoa kwa vumbi la maranda, na kikohozi hicho hakikumwacha tena maisha yake yote.

Mvua zilianza mwezi wa kumi na moja, na Bwana Mifugo akatangaza kwamba karantini imekwisha. Katika upande ule wote wa mto kuku waliobaki hai walikuwa wa bani la pili. Wazungu walikuja kwa magari kuangalia. Bwana Stavro aliwaonyesha nafasi ile chini ya bati, akawaeleza jinsi hewa nzito inavyopanda na kutokea juu na hewa safi inavyoingia, akipeleka mikono huku na huku. Evarista alikuwa mlangoni na kikapu cha mayai. Mmoja wa wageni aliuliza nani aliyebuni. Bwana Stavro akasema ni shamba.

Siku hiyo Evarista aliomba mitetea sita na jogoo mmoja apeleke Kalenga, ambako hakukuwa na kuku wa kuwika asubuhi. Alijibiwa, baadaye. Aliomba tena mwezi wa pili, akajibiwa hivyo hivyo. Hakuomba mara ya tatu.

Waliendelea pale mpaka mwaka 1958, Didas alipomaliza shule na kupata kazi ya ualimu. Hapo Edmund alivua kofia mbele ya Bwana Stavro akasema wanarudi kwao. Bwana aliwasihi, kisha akawatisha, kisha akaomba Evarista abaki walau miezi miwili amfundishe mwanamke mwingine. Evarista alimfundisha siku mbili. Siku ya tatu alimkabidhi kamba, akamwambia, "Usifunge pande zote mbili hata ukiambiwa," akaenda kufunga mizigo.

Mama yangu alisikia kwamba wanakuja, akawangoja mtoni. Mimi nilikuwa mgongoni mwake, kwa hiyo sikumbuki, ila nimeambiwa. Alishuka kwenye maji mpaka magotini, akampokea dada yake chungu alichobeba kichwani. Waliulizana habari za njia. Walipofika juu ya kilima mama yangu akamweleza kuhusu yule kuku mwekundu, kwamba alianza kupinda shingo kabla ya mto, kwamba mama yao alikufa akiamini amepokelewa. Evarista alisimama njiani. Wote wawili wakaweka mizigo chini.

Walikaa katika nyumba ya bibi. Asubuhi ya kwanza Evarista aliamka kukiwa bado giza jepesi, akatoka uani, akasimama anatazama miti. Mama yangu alikuwa anawasha moto.

"Unakwenda wapi?" alimwuliza.

"Sijui."

"Basi kaa."

Evarista akakaa kwenye kigoda. Uji ulipoiva akapewa, akanywa, na jua lilipofika juu ya paa alikuwa bado amekaa pale pale, mikono juu ya magoti.